Mti Usiochafua Shuka

Mume wangu ana jina lake halisi, lakini hata mimi silitumii tena. Mji mzima unamwita Mzee Chomeka, naye huitika bila kinyongo. Jina hilo alijitakia mwenyewe. Ukienda kwenye kitalu chake cha miche, hapo kando ya nyumba yetu, ukamuuliza namna ya kuotesha kitu chochote, atakukatia kijiti cha urefu wa shubiri, atakutilia mkononi na kukwambia, "Chomeka tu, itashika." Nimeolewa naye miaka thelathini na mitatu, na sijamsikia akitoa somo refu kuliko hilo.

Na hushika kweli, sitamsingizia. Nguzo ya kamba yangu ya kuanikia nguo ilichipua majani. Nasema nguzo, jamani, si mche! Aliikata ikiwa mbichi, akaichimbia ardhini, na baada ya wiki tatu nikaenda kuanika nikakuta imeota. Nikamwita, "Njoo uone vituko vyako." Alikuja, akaitazama, akacheka mpaka akakaa chini. Huyo ndiye mume wangu. Hawezi kutupa tawi. Akipogoa mti, matawi yote anayalaza kwenye mchanga wenye maji, kisha anayakata vijiti kimoja kimoja na kuvitia kwenye viriba vya plastiki. Ukimuuliza kwa nini anajichosha, anashangaa. "Tawi zima hivi nalitupaje, mama? Huu ni mti tayari, unangoja udongo tu."

Sasa nitasema mapema, nisije nikaonekana najificha nyuma yake. Ule mti ulioleta haya yote, mimi ndiye niliyeuagiza.

Mimi ni dobi. Nafua shuka za nyumba mbili za wageni na makoti ya zahanati, vitu vyeupe vitupu, vinavyojaza kamba sita za uani kila siku inayokuja. Zamani uani hapo palikuwa na mforsadi wa kawaida, ule unaozaa matunda meusi madogo yanayopaka ulimi rangi ya zambarau. Matunda yakiiva, ndege walikula wakashiba, halafu wakaja kujisaidia juu ya shuka zangu. Waliowahi kufua watanielewa. Doa la forsadi halitoki kwa sabuni, halitoki kwa ndimu, halitoki hata kwa matusi, nayo nilijaribu. Siku niliporudishiwa shuka nane kwa mpigo nilimvaa mume wangu pale pale kitaluni, mbele ya wateja wake.

"Chagua leo! Mti wako au mimi!"

Akanijibu kwa ule upole wake unaoniudhi kuliko ubishi. "Nitakutafutia usiochafua."

Akautafuta. Nyuma ya ghala moja kuukuu alikuta mforsadi ambao haukuwahi kuzaa hata tunda moja. Mti dume. Wenyewe hutoa maua tu, vishada vidogo vya kijani na njano vinavyoning'inia kama viwavi, kisha vinakauka na kuanguka. Hauzai, hauiti ndege, hauachi doa. Alirudi na vijiti kumi na viwili kwenye gunia lenye maji, na vyote vikashika. Mmoja akaupanda uani karibu na dirisha la chumba cha nyuma, unipe kivuli ninapofulia. Ule wa zamani akaung'oa. Shuka zangu zikakauka nyeupe, na mimi, nisiseme uongo, nilimpenda upya mwaka ule.

Siku moja bwana mmoja wa halmashauri alikuja kutafuta miti ya kivuli kwa ajili ya mji. Alitaka mti unaokua haraka, usiotia uchafu barabarani wala kuchafua magari ya watu. Mume wangu alimshika mkono, akampeleka uani na kumwonyesha mti wangu. Bwana yule aliinua kichwa, akatazama majani, akatazama sakafu safi na shuka zilizokuwa kambani, akatabasamu.

Ilichukua miaka mitano. Barabara kuu yote, pande zote mbili. Sokoni. Stendi ya mabasi. Mbele ya zahanati, mbele ya mahakama, na mtaa baada ya mtaa. Vijiti vyote alivikata kwenye mti wa uani kwetu, kwa hiyo ukitaka kusema kweli, ile miti yote ni mti mmoja uliokatwakatwa. Ikitaka kutoa majani inatoa siku moja, na ikitaka kutoa maua inatoa siku moja, mji mzima.

Siku za mapumziko alikuwa akivaa shati lake la bluu na kunitembeza nikaone. Alikuwa akipita anaipigapiga makofi kwenye shina, kama mtu anayesalimia ng'ombe wake. "Huyu alikuwa mgonjwa, unamkumbuka? Mtazame sasa." Watu wakipumzika kivulini walimpungia mkono. Mtu ambaye hakumaliza shule, asiyejua kuongea mbele za watu, alikuwa amewapa watu wa mji mzima mahali pa kukimbilia jua. Nilikuwa natembea naye nimevimba kichwa, msidhani sikuvimba.

Wengine husikia habari za hewa redioni. Mimi niliziona kwenye shuka.

Kwanza ulikuja weusi. Barabara yetu ilipanuliwa, yakaanza kupita malori ya kokoto na ya mafuta, na kwa sababu daraja lilibaki lile lile jembamba, malori yakawa yanasimama foleni mbele ya nyumba yetu, injini zinanguruma, moshi unatoka. Jioni nikipitisha kidole kwenye mkunjo wa shuka, kidole kinatoka cheusi. Nikasogeza kamba zote mwisho wa ua, mbali na barabara, nikaongeza sabuni, nikatukana madereva, maisha yakaendelea.

Halafu ukaja unjano. Mwanzoni ile miti ilikuwa inachanua mara moja kwa mwaka, baridi inapoisha, wiki mbili tu. Lakini baridi yenyewe ikaanza kuwa fupi, mpaka ikafika mwaka ambao sikutoa sweta sandukuni. Maua yakaanza kutoka mapema na kuchelewa kuisha. Mwaka mmoja yakatoka mara mbili. Mume wangu alifurahi! "Inapenda joto," akanambia, anapapasa vile vishada. Mimi nilikuwa nakung'uta shuka, nazo zikitoa unga laini wa njano. Unga huo ukikutana na masizi ya malori unashika kwenye kitambaa, unakuwa rangi ya kinyesi cha kuku. Nikawa nafua kila shuka mara mbili, nakung'uta, naanika tena. Sikuuliza kitu. Dobi mzima, kazi yangu ni kuujua uchafu, na sikujiuliza kama kinachotua kwenye shuka kinatua pia kwenye vifua vya watu.

Wakati huo ndipo mke mwenzangu alipohamia.

Msishtuke. Ni mjukuu wangu. Binti yetu anafanya kazi kiwanda cha nguo katika mji mwingine, na mtoto alipofika miaka sita alituletea aanze shule kwetu. Siku ya kwanza tu alimnyang'anya bibi mume. Babu yake akienda kitaluni, naye yuko nyuma; babu akila, naye anakula sahani hiyo hiyo. Nilimwambia, "Mke mwenzangu, niachie hata Ijumaa." Akanijibu, mikono kiunoni, "Wewe si umeshamzoea?" Babu yake alicheka wiki nzima. Akampa chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama ule mti, kwa sababu ndicho chenye kivuli na, kwa maneno yake mwenyewe, hewa safi.

Mwaka wa kwanza ilikuwa chafya. Kumi, kumi na tano, asubuhi anapoamka. Tukamtania kwamba anapiga mizinga. Mwaka wa pili macho yakawa yanamwasha na kumvimba, akawa anasugua pua kwa kiganja kwenda juu mpaka ikatoka mstari. Kisha kikohozi kikavu. Kisha siku moja nilikuwa namsuka, kimya kimetulia, nikasikia filimbi nyembamba. Nikaangalia mlangoni nani anapiga mluzi. Ilikuwa inatoka kifuani mwake.

Tulilaumu kila kitu. Tulimfukuza paka. Tulichoma moto blanketi la zamani. Nilibadilisha sabuni ya unga nikarudi kwenye ya kipande. Tulimkataza barafu za shuleni, akalia siku mbili. Zahanati wakampa kichupa cha dawa ya kuvuta na kutuambia ni pumu. Akawa anapata nafuu kidogo, kisha inarudi pale pale.

Aliyefumbua macho yangu ni tabibu wa zahanati, kijana mpole ambaye nilikuwa namfulia makoti. Nilimpelekea koti lake, nikamwomba radhi kwa unjano uliokuwa begani. Nilikuwa nimelifua mara mbili na upepo ukalichafua tena. Akapitisha kidole. Akauliza, "Huu ni nini, mama?"

"Unga wa maua ya miti ya mzee."

Akatazama dirishani, kwenye mti uliokuwa pale nje. "Mjukuu wako analala chumba gani?"

Nikamwambia. Akanivutia kiti.

"Huo unga, mama, kifua cha yule mtoto kinaudhani ni adui, kinapigana nao. Huo ndio mzio. Moshi wa malori unachubua njia za hewa kwa ndani, basi unga ukifika unakuta njia ina vidonda. Na hili joto linaifanya miti ichanue muda mrefu. Zamani angeumwa wiki mbili kwa mwaka akapumzika. Sasa hana pa kupumzikia." Akaniangalia. "Jambo moja usilisahau. Ikija mvua ya dhoruba baada ya joto kali, mfungie ndani. Zile punje za unga zikilowa hupasuka, zinakuwa ndogo kabisa, upepo unazishusha, zinaingia mpaka chini ya mapafu. Anaweza kubanwa vibaya."

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa natembea chini ya miti yake, nikijifunika pua na kanga.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, ameshika kiriba mkononi. Kisha akakasirika, yeye asiyekasirika.

"Mti? Mti ndio unaosafisha hewa, mama! Kila mtoto wa shule anajua. Nenda pale mbele, hesabu malori yanayotoa moshi. Huyo tabibu mwambie akakate malori!"

"Malori siwezi kuyakata. Mti naweza."

"Umeutaka wewe."

Hapo alinipiga pabaya. Nilimjibu maneno ambayo sitayarudia hapa. Siku tatu tuliongea kwa kupitia mtoto: mwambie babu chakula tayari, mwambie bibi nakuja. Mwishowe tukafanya suluhu ya kijinga. Tulimhamishia mtoto chumba cha mbele. Cha mbele ndicho kinachotazama foleni ya malori. Nyuma unga, mbele moshi, na nyumba yetu haina chumba cha katikati. Suala la kuukata mti likaahirishwa mpaka maua yaishe. Maua hayakuisha.

Dhoruba yenyewe ilikuja mchana, baada ya wiki tatu za joto ambalo hata kuku walikuwa wanahema. Mtoto alikuwa amerudi kutoka shule, amevua viatu. Nilikuwa na shuka ishirini na mbili kambani. Niliona wingu limesimama upande wa daraja, jeusi, nikaingiwa na haraka ya dobi: shuka! Nikakimbilia kamba. Mke mwenzangu akakimbia nyuma yangu anisaidie, akashika ncha ya shuka kama nilivyomfundisha. Maneno ya tabibu yalikuwa kichwani mwangu, naapa yalikuwepo. Nikayawaza, nikasema tumalize kamba hii moja.

Upepo ulishuka kwa kishindo. Mti wetu ukatoa moshi. Sina neno jingine, ulifuka, wingu la njano likatoka kwenye matawi likatupita usoni. Nikatazama barabarani juu ya ukuta: miti yote ilikuwa inafuka, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho wa macho. Kisha matone makubwa, machache, ya moto moto.

"Ingia ndani!" nikapiga kelele.

Hakuingia. Alikuwa amekaa chini, bado ameshika ncha ya shuka. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka, shingo imeingia ndani. Akataka kuniita. "Bi," akasema. Akavuta hewa. "Bi." Neno bibi halikumalizika. Nilimpa ile dawa ya kuvuta mara mbili, mara nne, nikaona midomo inabadilika rangi, inakuwa ile zambarau niliyoichukia miaka yote kwenye shuka zangu.

Nilipiga yowe. Mzee alitoka kitaluni na tope mpaka kwenye viwiko. Alimbeba kifuani akatoka mbio, mtu wa miaka sitini na minne, kando ya malori yaliyosimama, na mimi nyuma yake pekupeku.

Zahanati ilikuwa imejaa. Watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, sakafuni, ngazini, wameinama mbele mikono magotini, na chumba kizima kilikuwa kinapiga ile filimbi. Sijawahi kusikia kitu cha kutisha kama kile. Tabibu alimchukua mtoto wetu mikononi mwa babu yake, akamwingiza ndani kwenye mashine ya mvuke wa dawa, akatuambia tungoje nje.

Mume wangu hakukaa. Alisimama na tope lake, akamwinamia mama mmoja aliyekuwa anahema. "Samahani, mama. Unakaa wapi?"

"Stendi," akajibu kwa shida.

Akaenda kwa mwingine. "Wewe, baba?"

"Nyuma ya soko."

"Na wewe?"

"Pale mahakamani."

Alizunguka benchi zima. Nilimfuata, nikamvuta shati, nikamwambia waache watu wapumue. Alinigeukia, na uso wake sikuujua. "Wote ni wangu," akasema. "Mtaa hata mmoja sikuuruka."

Mtoto alirudiwa na pumzi. Jua likikaribia kuzama tabibu akatoka akafuta jasho, akasema safari hii amepona, lakini akibanwa hivi tena hawezi kuniahidi kitu. Alinitazama mimi aliposema. Niliitikia kwa kichwa.

Alfajiri mume wangu aliukata ule mti. Alianza na msumeno, kisha shoka, kisha akachimba kisiki kwa jembe na sururu, akakata mizizi yote, kwa sababu mforsadi ukiuachia kipande unachipua tena. Alipomaliza alivaa shati la bluu akaenda halmashauri kuwaomba wakate na mingine. Matawi yalikuwa yamejaa uani, akayavuta yote nje ya lango, karibu na barabara. Aliniambia, "Nikirudi nitayachoma." Mara ya kwanza maishani mwake alikuwa ametamka hivyo kuhusu tawi.

Halmashauri walimcheka. Kwa heshima, lakini walimcheka. Wakate kivuli chote cha mji katika joto hili? Watu watakaa wapi? Na kwani si yeye aliyewahakikishia kwamba mti huu hauna usumbufu? Wakamtolea faili, wakamwonyesha alama ya dole gumba lake mwenyewe kwenye karatasi. Alishinda huko mpaka jioni, anatumwa chumba hiki na kile.

Mimi nilibaki na mtoto, amelala, nikimsikiliza anavyovuta hewa. Wapita njia wakaanza kugonga lango. "Mama, haya matawi mnayatumia?" Niliwaambia chukueni! Nilikuwa na furaha, wenzangu, ya kuuona ule mti ukiondoka vipande vipande. Wengine walifunga mizigo kichwani, wengine kwenye baiskeli. Dereva wa lori mmoja alishuka foleni ikiwa imesimama, akajaza nyuma. Mwalimu mmoja alikuja na toroli. Niliwasaidia kufunga mizigo kwa kamba zangu za nguo, mafundo kwa mikono yangu. Nilidhani ni kuni. Hakuna hata mmoja aliyesema ni kuni. Mimi ndiye niliyedhani. Mzee aliporudi jioni akakuta peupe langoni, akauliza matawi yako wapi, nikamwambia watu wameyachukua, tumepumzika. Alikuwa amechoka sana. Akakaa kwenye ngazi, akaegemea ukuta.

Mvua ziliendelea, mvua zisizo za msimu wake, wiki nne. Mtoto alikaa nyumbani siku zote hizo, akanenepa kidogo, akaanza tena kunijibu mikono kiunoni. Filimbi ilinyamaza. Miti ya barabarani ilikuwa bado ipo, lakini mvua iliuosha unga, na shuka zangu zikawa na masizi tu. Nilianza kudhani tumepona, na mume wangu akarudi kucheka, cheko la nusu. Tulimrudisha shule Jumatatu.

Alirudi mchana mbio, mfuko unaruka mgongoni, anaita tangu langoni. "Babu! Babu yuko wapi? Babu, shule yetu ina ua!"

Mzee alitoka kitaluni akifuta mikono. "Ua gani, mke wangu?"

"Wa miti! Kila mtoto alichomeka wake, kuzunguka shule yote. Mwalimu alikuja kuchukua vijiti kwa bibi. Akatuambia Mzee Chomeka anasema chomeka tu, itashika. Na imeshika yote, babu, hakuna hata mmoja uliokufa! Wangu mwalimu alinichomekea kwa sababu nilikuwa naumwa. Uko dirishani, pale pale ninapokaa." Akafungua kiganja. "Ona, umeshaanza."

Kiganjani palikuwa na kishada kidogo cha kijani na njano, laini, kama kiwavi. Alikuwa amekibana njia nzima. Vidole vyake vilikuwa vya njano mpaka kwenye kucha, na alikuwa ameshajisugua pua.

Mume wangu alikitazama muda mrefu. Kisha akakichukua polepole, akakitia kwenye ndoo yangu ya maji ya sabuni, akakizamisha. Mimi nilimvuta mtoto nikaanza kumwosha mikono, uso, mikono tena, anacheka kwamba namtekenya. Nikamsikia mzee amechukua jembe.

Alifika langoni akasimama. Alinigeukia, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Mama. Siku ile, wale waliochukua matawi. Walikuwa wangapi?"

Nikamkumbuka wa baiskeli. Nikawakumbuka waliobeba kichwani, na yule wa lori, ambaye hata hakuniambia anakwenda mji gani.

"Sikuwahesabu," nikamwambia.

Mtoto akapiga chafya.